Usiombe Radhi Jumamosi

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji. Natumaini mgongo wake umepata nafuu na watoto wanaendelea na shule. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia.

Mama alinipigia juzi. Alisema Jumamosi utawaomba radhi watu wa lile kundi lenu la mtandaoni la wapenzi wa kompyuta, kwa kuisingizia kampuni ninayofanyia kazi. Alisema umekonda, na kwamba wamekuvua uongozi wa kundi uliloanzisha mwenyewe. Nilimwambia yatapita, nikakata simu haraka.

Kaka, hukusingizia. Uliandika kwamba kadi ya grafiki uliyonunua dukani inakwama kwenye michezo ya kompyuta ambayo kadi hiyohiyo, mikononi mwa wakaguzi wanaotumiwa kadi mpya wazijaribu na kuziandikia, iliiendesha bila shida. Watu wakawaka, kila mmoja akaleta vipimo vyake. Mlikuwa sahihi. Mimi niko meza ya kupima kadi kiwandani. Kadi za wakaguzi tulizifungia kumbukumbu ya kasi, za dukani tukazifungia ya polepole, kisha zote zikaingia boksi la aina moja kwa jina moja. Za wakaguzi tulizibandikia doa la kijani chini ya feni zisichanganyike, na mimi na mwenzangu tukawa tunaziita maharusi. Tulicheka sana.

Ulipolipua jambo hili, msimamizi alituita sita chumba cha mikutano, akatuagiza tujiunge na kundi kwa majina ya bandia tuitetee kampuni. Alisema ni kazi kama kazi nyingine. Nilijua kundi ni lako, nikanyamaza.

Mama anasema unamsifu sana yule anayejiita Fundi Mstaafu. Wengine walikutukana, yeye akakupa pole, akakueleza taratibu kwamba huenda kadi uliifunga vibaya, mpaka ukaanza kujitilia shaka. Ndiye aliyekushauri uombe radhi.

Ni mimi, kaka. Nilijua matusi hayakutikisi, ila ukiambiwa kwa upole unakubali hata kosa lisilo lako. Nyumbani ulikubali mangapi yaliyokuwa yangu? Nilikupata hapohapo. Msimamizi akanisifu mbele ya wenzangu, nami nikafurahi. Hiyo furaha ndiyo inayonitia aibu kuliko yote.

Basi usiombe radhi. Nimeambatanisha picha za kadi mbili zikiwa wazi, ya dukani na ya mkaguzi. Zibandike kwenye kundi pamoja na barua hii, na jina langu kamili ulitaje. Kazi nitafukuzwa, najua. Mama nitamweleza mwenyewe kesho, kabla hajasikia kwa watu.

Nisalimie shemeji, na wanao uwabusu kwa niaba yangu.

Jana ulimwandikia Fundi Mstaafu kumshukuru. Ujumbe huo nimeusoma. Usimwandikie tena, nimeshamfuta. Ukiwa na la kusema, hata liwe kali, niambie mimi.

Mdogo wako