Walikuuliza, Ukasema Ndiyo

Mdogo wangu Khasandi,

Bwana asifiwe huko uliko. Najua kule masikio yako yamefunguka, lakini mimi bado naongea nawe kwa mikono. Watu wakiniona shambani wanadhani nafukuza nzi.

Juzi mchungaji alinieleza kwa nini walikuchapa shuleni. Anasema walimu wakubwa wa Ulaya walikutana karne iliyopita, wakapitisha kwamba kiziwi afundishwe kwa mdomo tu, mikono inyamaze. Hee! Wapitishe Ulaya, kiboko kishukie vidole vyako wewe, mtoto wa Shinyalu? Siku nilipokupeleka, mwalimu aliniambia, "Mikono ni ya nyani, mama. Mdomo ni wa mtu." Ulirudi likizo kidole kimepinda, hakinyooki tena.

Miaka yote ile ulitoka na neno moja safi: "Ndiyo." Ukilisema, kiboko kinapumzika.

Halafu siku ile ya soko Khayega, bendera yetu mpya ya uhuru hata haijapauka. Ulibeba ingokho yetu, kuku yule mwekundu, ukamuuze tupate chumvi. Mama mmoja akapiga kelele, "Mwizi! Kuku wangu!" Watu wakakukamata, wakakufunga mikono nyuma kwa kamba ileile ya kuku. "Umeiba?" Nilikuwa upande wa mahindi. Nikasikia sauti yako nzito:

"Ndiyo."

"Si amekubali mwenyewe!"

Rungu. Mawe. Mateke. Nililala juu yako, wakanivuta kwa nguo. Damu yako iliingia kinywani mwangu. Mabega yako yalitetemeka, mikono inataka kusema, kamba inakataa.

Kuku wa yule mama alirudi mwenyewe jikoni kwake.

Naomba kila siku, Khasandi. Nikifika "kama sisi tuwasamehevyo" nakwama.

Sasa kuna Imali, binti wa jirani, kiziwi kama wewe. Baba yake alitaka kumpeleka shule ileile. Nilisimama kanisani, nikasema Zakaria alipotoka hekaluni akiwa bubu aliongea kwa mikono, na malaika hakumpiga vidole. Kesho yake baba akamleta: "Haya, dada, fundisha wewe."

Nampa ishara zako zote: ya mvua, ya ugali moto, obusuma yetu, ya mchungaji na tumbo lake. Lakini ya kwanza kabisa nilimfundisha kwa mkono, kwa kichwa, na kwa mdomo pia: hapana. Analitoa kwa nguvu mpaka kuku wanaruka.

Lala, mdogo wangu. Nikiwa hai, mikono ya huyu haifungwi.

Yangu naiweka kifuani, vile ulivyokuwa unaniaga.

Dada yako,
Rebeka