Sufuria Iliyorudi Tupu

Wheaton, Maryland
Jumapili alasiri

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, na kabla hujanijibu kwamba wewe ni mzima kabisa, niambie kwanza habari ya lile goti. Daudi ameniambia ulipanda ngazi kukagua mabati mapya. Mtu mwenye goti kama lako anatafuta nini juu ya ngazi? Na huyo mwanao, badala ya kukushika mkono, alikuwa chini anapiga picha. Sisi huku tu wazima. Baridi imeanza kuuma asubuhi, na mjukuu wako Neema amenipita kwa urefu. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, halafu ananijibu kwa Kiingereza. Nilipomwambia nakuandikia barua alisema, "Tell Nyanya I miss her chapati." Basi hizo ndizo salamu zake, anazitamani chapati zako.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huwa unanitoroka. Kila nikigusia kura zinazokuja, na wewe kukaa peke yako kwenye lile shamba tulikofukuzwa nikiwa darasa la sita, mtandao wako unaharibika. Karatasi haikatiki, Mama. Keti, vaa miwani, unisome mpaka mwisho.

Bado namtunza yule mzee niliyekwambia, Bibi Ada. Miguu imemwishia lakini kichwa chake ni kikali kuliko changu. Mjukuu wake, Toby, anatengeneza filamu. Usifikirie mambo makubwa, hana kampuni nyuma yake, ana marafiki na watu wa kanisani kwake waliojitolea. Wamejenga nyumba tatu za magogo kwenye shamba la rafiki yao karibu na Beltsville, na kila Jumamosi Bibi Ada hunitaka nimpeleke kwenye kiti chake cha magurudumu akaangalie. Mimi nimejipa kazi ya chai. Nawapikia ile yetu ya maziwa na tangawizi, pamoja na chapati, na sasa hakuna anayetaka kahawa.

Filamu yenyewe ni ya Wamormoni wa zamani, wale wa mwanzo kabisa. Unawakumbuka wale vijana wawili wa Kizungu wenye mashati meupe na tai, waliokuwa wakipita kwa baiskeli pale Nakuru, ukawapa uji kwa sababu uliona wamekonda? Ni watu wa dini hiyo. Nami sikujua kwamba walikotoka walifukuzwa kama sisi. Walinunua mashamba, wakalima, wakajenga, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba hawa wageni wamezidi, wanapiga kura wote pamoja, kesho watatutawala. Ugomvi ukaja kulipuka siku ya kura. Bibi Ada aliponisimulia nilikuwa namchana nywele, na mkono ulisimama wenyewe. Akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia hapana, ni kwamba hiyo hadithi naijua.

Wanaocheza majirani wabaya ni watu wazuri sana. Mmoja ni mwalimu wa watoto wadogo, mwingine anauza bima, mwingine hunibebea sufuria ya chai mpaka mezani. Wiki iliyopita walimpaka mchungaji wa kwenye filamu lami na manyoya ya kuku. Lami yenyewe ilikuwa sukari guru iliyoyeyushwa, nyigu wakamjia, tukacheka wote. Lakini walipoanza kufanya mazoezi ya kuvamia nyumba sikucheka. Mwanzoni walikuja wakipiga kelele na kurukaruka. Toby akawasimamisha, akawaambia wasije kama wendawazimu, waje kama watu wanaokwenda kazini. Wakarudi nyuma, wakaja tena, kimya, wakizungumza mambo yao kwa sauti ya chini, mmoja akimwonya mwenzake asikanyage matope. Mama, ndivyo walivyokuja kwetu. Nilikuwa nimesahau, nilidhani nakumbuka kelele.

Sasa nikuambie la jana. Kabla ya uvamizi kuna tukio dogo la asubuhi, mama jirani anakuja kurudisha chungu cha chuma alichoazima. Lilitokea kweli kwa bibi mzaa bibi yake Bibi Ada, na kwao limesimuliwa kizazi hata kizazi. Yule mwalimu ndiye aliyekuwa jirani. Chungu alikuwa amekiweka kwenye meza yangu ya chai huku akifungwa kofia. Nikakiona, nikajua kinarudishwa kwa mwenyewe, na mkono wangu haukuniuliza. Nilikunja chapati tatu nikaziweka ndani, nikafunika. Ungefanya vilevile. Nani anarudisha chombo cha mtu kitupu?

Kamera zikawaka. Mwenye nyumba akapokea chungu, akafunua, akakuta chapati za moto. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na Toby akaja kuniuliza nimefanya nini. Nikamweleza kwamba kwetu chombo cha jirani kinarudi na kitu ndani, mayai mawili, maharagwe, hata chumvi kidogo, kumwambia kwamba bado tuko pamoja. Akasema ni jambo zuri, pengine waliache. Bibi Ada peke yake ndiye hakucheka.

"Toa chapati," alisema. "Kilirudi kitupu. Tena huyo mama hakutabasamu. Aliangalia kuku, hakumwangalia machoni."

Wakarudia hivyo. Mwalimu akaja akiangalia kuku, akatoa chungu, akageuka. Nilisimama na birika mkononi nikaikumbuka ile sauti uliyonirekodia Ijumaa, iliyokuwa bado kwenye simu yangu. Nilikuwa nimeisikiliza kwenye basi nikatabasamu, mjinga mimi. Nikamwomba Bibi Ada ruhusa, nikaenda nyuma ya nyumba za magogo, nikaisikiliza tena.

Unasema, "Mama Ruti siku hizi amekuwa na adabu. Amenirudishia sufuria yangu kubwa, na jembe, na ule ungo. Hata sikuwa nimemwuliza." Halafu unacheka kidogo. Halafu jogoo anawika, na unanitakia usiku mwema ilhali huko kwenu ni mchana.

Mama, wewe ukinisimulia habari ya chombo hunipimia mpaka punje. Mke wa pasta alikurudishia bakuli na ndizi nne, ukanieleza na ipi iliyokuwa imeiva. Mbona ya Mama Ruti hukusema ilirudi na nini?

Wewe ndiwe uliyetusimulia kule kwenye mahema, kwenye uwanja wa maonyesho, mpaka watu wakaja kutoka mahema mengine kusikiliza. Jinsi jirani yetu Mama Ruti alivyokuja siku chache kabla ya kufukuzwa kwetu, akarudisha sufuria, panga, hata sindano. Sufuria imesuguliwa hadi unajiona uso, na ndani hakuna kitu. Ulikuwa ukisimulia kama kichekesho. "Sindano, jamani!" ulikuwa ukisema, na watu waliolala kwenye udongo wakacheka. Ni Mama Ruti huyohuyo. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonitisha. Hakuwasha moto wowote. Alisikia jambo likisemwa nyumbani kwake, akaona aibu kubaki na vitu vya mtu, akavirudisha. Sasa amesikia tena.

Sijui amesikia nini wala ni lini. Huenda ni maneno tu, huenda kura zitapita na Daudi atanicheka. Acha anicheke. Ninaogopa, Mama. Nilimrudisha Bibi Ada nyumbani kabla hawajaanza kuchoma nyumba, nikamwambia moshi utamdhuru kifua. Njiani akaniuliza kama mama yangu bado yuko hai. Nikasema ndiyo. Akaniuliza yuko wapi. Nikamwambia amerudi shambani kulekule tulikofukuzwa, akanishika mkono mpaka tukafika.

Nimewaza sana kwa nini ulinirekodia ile sauti, na nadhani najua. Ulijua tangu ulipofunua ile sufuria. Umejenga, umepanda, Daudi ameezeka, umewaambia watu wote kwamba safari hii hutoki, na sasa huwezi kuwa wa kwanza kusema neno hilo. Basi nalisema mimi. Toka, Mama. Si kukimbia, ni binti yako amekuamuru, na wenye kucheka waambie ana kichwa kigumu kama cha baba yake.

Nisalimie Shangazi ukifika kwake Nakuru. Ameshatandika kitanda katika kile chumba kinachopata jua, na nimemkataza asikupe kazi. Nisalimie Daudi, umwambie mabati ni mabati tu, nitazungumza naye mimi mwenyewe. Nisalimie mke wa pasta wenu na mjomba mwenye kinu cha kusaga, nao waambie hivi: wasingoje. Na ukikutana na Mama Ruti njiani mpungie mkono. Sina ugomvi naye. Nadhani kwa njia yake alikuwa anakuaga.

Aliyekukabidhi barua hii ni Amosi, ndugu wa kanisa letu la huku, amekuja kumzika baba mkwe wake. Aliniuliza, "Sister, nita-drive mpaka kwa gate, hiyo si shida. Lakini akikataa?" Nikamwambia asibishane nawe, akupe tu barua, na kiti ndani ya gari.

Chukua dawa za presha, kitambulisho, na picha ya Baba iliyo ukutani. Sufuria iache. Mama, tega sikio hapo nje: nimemwomba asizime gari.

Ni mimi binti yako,
Esta