Kadi Aliyonichagulia Kaka

Kitinda wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, koo limepoa na masomo yanakwenda. Mimi sijambo. Mama yuko vilevile: upande mmoja wa mwili umelala, mwingine unaamrisha.

Uliniuliza ununue kadi gani ya video kwa ajili ya katuni zako. Nitakujibu, maana hili nimelisomea kwa machozi.

Prosesa ya kompyuta ni kama mhasibu hodari: hesabu ngumu huzimaliza, lakini chache kwa wakati mmoja. Picha haitaki mhasibu, inataka umati. Kila nukta ya kioo cha kompyuta lazima ipangiwe rangi, tena upya kila picha inaposogea. Kadi ya video ndiyo umati wenyewe: maelfu ya vibarua, kila mmoja na kihesabu chake kidogo, wote wakiinama pamoja. Memori ya kadi ni meza yao. Meza ikiwa ndogo, kazi inakwama wakienda kuchota vitu mbali. Lakini usidanganyike na meza pana yenye vibarua wachovu. Anza na kazi yako, ndipo utafute kadi. Hakikisha pawa saplai yako inaweza kuilisha umeme na feni zake zinapoza. Na usiamini boksi. Iendeshwe hapohapo dukani, mbele ya macho yako, kwa kazi nzito, mpaka ipate joto.

Mimi sikufanya hivyo. Kadi yangu alinichagulia kaka yetu anayenifuata kuzaliwa, fundi wa kompyuta, na nani humpima kaka yake?

Unakumbuka nilivyoitwa na ile kampuni ya wasanifu majengo. Walitaka niwatembeze wateja wao ndani ya zahanati ambayo bado haijajengwa, mlango kwa mlango, kwenye kioo. Kaka alinifungia kadi mwenyewe, akanipiga begani, akasema sasa nitawaonyesha. Siku yenyewe tulipita mapokezi vizuri. Tulipofika kwenye ngazi picha ikaganda, ikachanika mistari ya kijani na zambarau, kisha giza. Mkurugenzi akauliza kama wagonjwa nao watapanda wakipapasa. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Kitinda, sijui kwa nini.

Nikarudi nyumbani kubadilisha shuka za mama. Kaka alinifariji, akasema wale ni watu wa maringo, na kwamba labda kazi kubwa si za kila mtu. Nikamwamini. Nikaacha hata kuwasha kompyuta.

Baadaye feni ikaanza kukoroma. Kaka alikuwa amesafiri, nikampelekea kadi fundi mwingine. Aliifungua kwa bisibisi. Akanionyesha kwamba ilikuwa kadi ya zamani, imeungua na kuchomelewa upya, na programu ya ndani imebadilishwa ili iseme uongo kuhusu nguvu zake. Aliniuliza nimeuziwa na nani. Nilipomwambia ni kaka yangu, akaanza kuifunga kadi.

Nilidhani kaka naye kalaghaiwa. Aliporudi nikamfuata dukani kwake kumwonya. Hakuacha hata kukaza skrubu.

"Niliitengeneza mwenyewe," alisema. "Ungepata ile kazi, mama angebaki na nani? Na mimi?"

Nikamkimbilia mama nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, kwa ule upande wa mdomo uliobaki hai. Alijua tangu mwanzo. Panya huuma akivuvia. Kaka aliuma kisha akavuvia, na mama akamwachia.

Sikugombana na mtu. Nilichora ramani za vibanda na mabanda ya kuku mpaka nikanunua kadi yangu, nikaijaribu dukani hadi muuzaji akachoka nami. Kampuni nyingine, mbali kabisa, ikanipa jaribio. Tulipanda ngazi zote, na hakuna aliyecheka.

Sasa sikia, mdogo wangu. Ninakuandikia nikiwa katika chumba cha kupanga, kwenye mji huu wa mbali. Nimeanza kazi. Mama nimemwacha kwa jirani hadi Jumamosi. Kaka nimemwambia utafika siku hiyo. Mama nimemwambia kwamba ni wewe uliyeomba kurudi kumtunza, kwa mapenzi yako, na kwamba chuo umeshakiacha. Alilia kwa furaha, akaanza kuulizia nguo yake ya bluu. Ukitaka kukataa, mwambie mwenyewe, ukimtazama usoni. Mimi hilo lilinishinda.

Nyonga yake ya kushoto ina kidonda, mgeuze polepole. Dawa ziko kabatini, rafu ya juu. Uji aupate vuguvugu, la sivyo atautema makusudi. Kadi usinunue kwanza.

Sikuombi unisamehe; huenda nami nisingekusamehe kama ungenifanyia hivi. Jifunike vizuri safarini, koo lako si la baridi. Nisalimie mama ukifika.

Ni mimi dada yako,
Kifungua Mimba