Nyuzi Zilizogeuzwa

Dada yangu wa pekee,

Usinicheke. Ile ukulele niliyokuwa nikiiota tangu utotoni nimeinunua, kigitaa changu cha nyuzi nne! Tangu nianze barua hii nimeinuka mara tatu kwenda kuishika na kuirudisha ukutani.

Muuzaji, mtu wa maneno mengi, alinisukumia nyuzi ngumu. Nikakataa, nikachukua za nailoni laini. Funguo za kukazia nyuzi nilichagua zenye meno ndani, maana zile za kawaida hulegea, nami sina subira. "Hapo umepatia," akasema. Kisha nikamwomba azigeuze nyuzi zote, ya juu iwe chini.

"Kwani unapiga kwa kushoto?"

"Kuanzia sasa," nikamjibu.

Kiwandani wamenipa likizo ndefu. Mashine ya kukatia karatasi imewekewa kinga, ati sasa!

Vidole vya kulia vinababaika kwenye nyuzi, lakini viko vyote. Vya kushoto vimebaki viwili, vinatosha kucharaza. Mama akiuliza, mwambie nimebadili mkono kwa mbwembwe tu. Nawe usije bado, dada. Niache kwanza nijue wimbo mmoja.

Mdogo wako,
mbishi yuleyule