Redio Iko kwa Kabati

Mama Njeri,

Pole na kazi za hapo Free Area. Natumaini ile kikohozi imekuacha, na mvua haivuji tena kwa chumba ya watoto. Mimi niko mzima, mgongo tu inanisumbua juu ya kuendesha gari mchana kutwa.

Bosi alisafiri na familia likizo, Uturuki. Yaya alikuwa mgonjwa, kwa hivyo nikabebwa mimi dereva nichunge watoto. Siku moja tukaenda makumbusho ya sayansi. Unanijua. Kutoka mlangoni ni, "Usiguse. Wacha hiyo. Rudisha mkono." Mariam, msichana yao, akaniuliza, "Uncle, leo wewe ni polisi?" Ndugu yake akacheka mpaka akakaa chini.

Kumbe huko vitu zimewekwa ziguswe. Mimi nilidhani ni kama sitting room yetu, pahali mtoto anapita mikono ikiwa nyuma.

Tukafika kwa meza iko na redio za zamani na bisbisi za watoto. Mama anayesimamia hapo akanivutia kiti, akanipatia bisbisi na mimi. Mariam akafungua yake, akauliza, "Sasa sauti inatokea wapi?"

Mama Njeri, hiyo ndiyo swali Njeri aliniuliza siku ile nilimpata amefungua redio yangu na kisu ya jikoni. Nikamchapa, nikafungia redio kwa kabati. Wewe nikakuambia alikuwa anaharibu tu. Nilijua si ukweli. Tangu hiyo siku hajaniuliza kitu ingine, na nikipiga simu unasema ako bize. Najua ako hapo tu kando yako. Makosa ni yangu, msomee hivyo.

Ile redio nilipewa hapo makumbusho niliifungua, nikarudisha, skrubu zingine zikabaki kwa mkono. Mariam alinicheka vizuri.

Bisbisi yetu iko kwa boksi ya vyuma chini ya kitanda. Njeri afungue redio yote, na usimwambie arudishe vile ilikuwa. Nikikuja Krismasi nataka kuipata imetawanyika kwa meza, anionyeshe sauti inatokea wapi.

Salimia mama yangu huko Ndabibi, umwambie blanketi yake nimenunua. Na ndugu yako fundi, hiyo mabati ya chumba ya watoto asisahau.

Funguo ya kabati iko kwa mfuko ya koti yangu ya kahawia. Usimlazimishe Njeri kushika simu. Mpatie tu funguo.

Ni mimi,
Baba Njeri