Umati wa Mtu Mmoja

Jumanne, 5 Agosti 2025

Elkana amepiga simu asubuhi. Millicent anaolewa Jumamosi, tarehe ishirini na tatu! Kaka yangu huyo hutoa habari njema kama anayetangaza mkutano wa chifu. Nimelia kidogo, nikacheka, nikalia tena. Mimi ndiye senje wa huyo mtoto, dada ya baba yake. Na kwetu bibi harusi hatoki nyumbani mpaka senje amshike mkono na apige kigelegele cha kwanza. Senje mwingine hana. Tulizaliwa wawili tu, Elkana na mimi.

Nikamwomba Phineas ruhusa. Yeye ndiye mtangazaji wa kipindi chetu cha runinga, Hisa Mezani, na ndiye bosi wangu. Akasema haiwezekani — Penina, wewe ndiye umati.

Ni kweli. Kila Ijumaa mchana, moja kwa moja hewani, tunawafundisha Wakenya na Waganda wa Juba kununua hisa Nairobi. Bei ikipanda, umati unashangilia. Ikishuka, umati unasema aaaa, na mfuniko wa sufuria unaanguka. Umati wenyewe ni makofi yangu, kicheko changu, vigelegele vyangu. Nimejirekodi na kujipanga juu yangu mwenyewe kwenye kompyuta mpaka nikawa watu mia. Mbele ya Phineas kuna viti vya plastiki, vitupu. Kamera haigeuzwi huko hata kwa dawa.

Ijumaa, 8 Agosti

Phineas alitaka mlio wa ng'ombe dume bei ikipanda. Eti kwa wazungu soko likichangamka huitwa dume. Nikatia. Watazamaji wakapiga simu: dume hilo linauzwa wapi? Juba hii, ambako ng'ombe ndiyo mali! Dume limeondolewa.

Nimekula maharagwe ya jana. Peke yangu, kama jana.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepata akili! Nitamtengenezea Phineas kisanduku cha vitufe, abonyeze mwenyewe. Umati uende bila mimi, nami niende nyumbani.

Leo nimerekodi chumbani, godoro nimeliegemeza mlangoni. Makofi ya mikono mikavu. Ya mikono yenye maji. Ya ndala. Kikohozi cha mzee. Vigelegele kona zote za chumba, na kimoja nikiwa ndani ya kabati.

Hodi! Ni Sanyu, jirani yangu Mganda mwenye duka hapa mtaani Malakia. Amevaa gomesi, gauni la sherehe la kwao, kabeba sahani ya matoke. "Penina, nani naolewa? Mimi iko nasikia watu mingi kwako. Nikasema, hata kama hawajaniita, mimi iko naenda!" Nikasogeza godoro. Akatazama ndani: kitanda, maikrofoni, mimi. Akauliza watu wako wapi. Nikamwambia ni kazi tu. "Malesh, dada," akasema, kwa sauti ya kutoa pole msibani.

Tumekula matoke wote wawili. Alipoondoka nikabaki nikiifikiria gomesi yake, ile mikono iliyopigwa pasi. Alijipamba kwa ajili ya sherehe yangu. Nilitamani iwepo.

Alhamisi, 14 Agosti

Kisanduku tayari. Vitufe nimevipaka rangi ya kucha: kijani shangwe, nyekundu aaaa. Phineas amebonyeza kama mtoto wa nasari. Ruhusa nimepata! Tiketi ya Ijumaa, tarehe ishirini na mbili, ndege ya mchana. Usiku nalala kwa Elkana.

Phineas akasema, kumbe ni rahisi hivi. Neno hilo sijalipenda.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani wote wameniuliza habari ya kazi. Millicent ameandika: senje, usipokuja sitoki chumbani, waje wafungie ndoa humo humo. Nimemjibu nakuja. Nimeusoma ujumbe wake tena kwenye bodaboda, na tena kitandani.

Jumatano, 20 Agosti

Nimemsikia Phineas akimwambia mwenye stesheni kwamba mtu wa sauti hahitajiki tena, kisanduku kinatosha. Mlango ulikuwa wazi. Hata sauti hakuteremsha.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Lakini mimi nilichimba nipate ruhusa tu! Naogopa. Nikibaki, Millicent hatoki. Nikienda, sijui nitarudi kukuta nini. Na nikitoweka Juba hii, nani atauliza? Sanyu, labda.

Nimepakia gauni.

Ijumaa, 22 Agosti

Uwanja wa ndege. Sanduku langu la nguo limeshaenda. Nimefungua kipindi kwenye simu, sikuweza kujizuia. Mwanzoni raha: umati unashangilia bila mimi, nami nimekaa kwenye benchi najisikiliza nikifurahi. Mzee wa pembeni kauliza ni mkutano gani, mbona watu wengi. Nikasema ndiyo, ni wengi.

Kisha Phineas akatangaza kwamba hisa za kampuni inayolipia kipindi zimeporomoka — akabonyeza kijani! Vigelegele! Akabonyeza tena ili vinyamaze. Kumbe kile kitufe ukikibonyeza mara mbili, kinarudia bila kukoma. Sikumwambia hilo. Naapa nilisahau. Karibu naapa.

Amepiga simu, sikushika. Nikamwandikia: chomoa waya wa kisanduku. Akajibu: sitaki waya, nakutaka wewe. Rudi sasa hivi. Ukirudi, kazi ni yako. Ukipanda ndege, usijisumbue kurudi.

Nimelisoma tena lile nakutaka wewe, aibu yangu. Miaka mitatu Juba, hakuna aliyewahi kuniambia.

Wametuita. Foleni inasogea, mimi bado benchi. Elkana anauliza nimepanda? Phineas anapiga tena. Simu ikiacha kuita, vigelegele vinarudi.

Mama mmoja kwenye foleni, shuka la lawa begani, amenigeukia. "Arusi?" Nikamwambia ndiyo, ya mtoto wa kaka yangu. "Mabruk!" akanipongeza, akatua mzigo wake, akapiga kigelegele juu ya vile vya kwenye simu — cha koo, cha kweli, hadi askari wa mlangoni akainua kichwa. Mwanamke wa nyuma yake akakijibu. Na mwingine tena. Vyangu vyote, Ijumaa zote hizo, hakuna aliyewahi kuvijibu.

Sasa wamenyamaza. Wananingoja mimi, mwenye arusi. Naandika ili nisiwatazame. Phineas anapiga. Foleni imebaki fupi. Mama anasema, "Yala, dada, na wewe!" — nami nimeshainuka benchini, mdomo wangu umeshafunguka, na