Ini Lililonona

Ruiru

Mama Njeri mpendwa,

Habari za Molo? Huku kwetu kwa zamani kahawa imechanua, na mimi naitwa mgeni. Mwezi uliopita daktari wa Thika alinibonyeza chini ya mbavu akasema, “Mzee, ini lako limenona.” Nikamshukuru. Muuguzi akacheka: “Baba, wewe si mbuzi. Mafuta hayo ni ugonjwa. Damu yako ikitulia kwenye chupa, maji yake ni meupe kama maziwa.” Nikauliza kama nitakufa. Daktari akasema tumbo likipungua, ini nalo litapona. Basi hapa kwa dada yangu ninakokaa nakula mahindi na kunde za kuchemsha, na suruali imeanza kulegea. Nikirudi nimekonda, majirani watasema unaninyima chakula. Waache waseme. Nataka tuendelee kuzeeka pamoja.

Mungu akulinde,
Baba Njeri